Siku sita Bonde la Ufa na Mama, nyumba moja tu, hakuna kukimbizana. Nisaidieni kupanga

MwanaWaMwalimu
Wadau, salaam. Shule zikifungwa Agosti nina ruhusa ya wiki moja kazini. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 11 na 7), na Mama. Mama ana miaka 71 na magoti yake yana siku zao. Gari ni Fielder, la chini, halina ubishi wowote na mawe.

Mama alifundisha jiografia shule za msingi kule Busia karibu miaka thelathini. Kila mwaka aliwachorea watoto wa watu Bonde la Ufa ubaoni, maziwa yamepangwa kama shanga: Turkana, Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha, Magadi. Hajawahi kusimama kando ya hata moja. Basi la Busia hupita usiku, na likipita mchana dereva hasimami ili mwalimu aangalie ziwa.

Mwaka juzi nilimpeleka Pwani. Siku nne, hoteli tatu. Kila asubuhi ni kufunga mabegi, kutafuta soksi ya mtoto, kumgombeza mtu. Tuliporudi Kasarani Mama akasema, "Asante mwanangu, sasa naomba likizo." Sirudii tena.

Kwa hiyo nataka nyumba moja mashambani, usiku sita, hapohapo. Tunatoka leo, kesho tunakaa. Nimefikiria Naivasha. Mnasemaje?

KaroWaRoysambu
Ukipita Soko Mjinga niletee karoti. Nitalipa.

Dereva_Mstaafu
Kijana, wazo lako ni zuri, lakini Naivasha iko ukingoni mwa mambo yako. Nimeendesha njia hiyo miaka mingi. Chukua ramani, weka kidole Gilgil. Naivasha iko kilomita 30 hivi nyuma yako, Nakuru 40 mbele yako, Nyahururu kama 70 ukipitia Ol Kalou. Elementaita iko pale chini, unaiona kutoka barabarani. Ukikaa Naivasha, kila ukienda Nakuru au Nyahururu unalipa zile kilomita 30 mara mbili, na huyo mama analipa kwa magoti.

Tena wikendi ya Agosti, Naivasha ni Nairobi iliyovaa kaptula. Muziki mpaka alfajiri. Tafuta nyumba kati ya Gilgil na Elementaita, upande wa mashamba.

Kifaru254
Siku sita zote kukaa Gilgil? Kuna nini Gilgil, kambi za jeshi na mizani ya malori? Siku sita mimi nafika Turkana na kurudi. Lala Nakuru, lala Marigat, lala Maralal, songa.

MwanaWaMwalimu
@Kifaru254 ndugu, wewe safiri hivyo, mimi nimeshasafiri hivyo. Mtu wa miaka 71 akiketi garini kwa saa sita anashuka akiwa amekunjika kama kiti cha harusi.

@Dereva_Mstaafu Mzee, shikamoo. Kidole kimewekwa Gilgil. Nyumba ya mashambani nitaijuaje kabla sijalipa? Zile picha zote zinapigwa saa ya jua zuri.

MamaPendo_Juja
Nyumba ndiyo likizo yenyewe, kaka, usiichague kwa ajili ya bembea iliyo kwenye picha. Tulikodi moja mwaka jana, ikatufundisha. Mwenye nyumba muulize haya kwa simu, si kwa ujumbe, maana kwenye simu unasikia akisitasita.

Kwanza barabara ya kutoka lami hadi getini, urefu wake na hali yake mvua ikinyesha. "Gari lolote linafika" si jibu. Mwambie akurekodie video akiwa anaendesha. Pili maji: tangi la lita ngapi, na yakiisha nani anajaza. Tatu choo na chumba cha kulala viwe chini, pasiwe na ngazi, na choo kiwe cha kukalia. Mama yako hatakwambia anaumia, atapunguza kunywa chai ili asiamke usiku. Ninawajua hawa wamama.

Pia uliza kama kuna mahali pa kuwasha moto. Gilgil iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wa Agosti ni wa blanketi mbili na soksi.

Dereva_Mstaafu
Mama Pendo amesema kweli. Mimi naongeza la mvua. Watu wa Nairobi tunadhani Agosti ni mawingu na baridi tu, mvua tumeziacha Mei. Upande wa Nakuru na Nyahururu Agosti hunyesha, na hunyesha alasiri. Asubuhi jua limechanua, saa nane wingu linajikusanya, saa tisa ni mafuriko. Kwa hiyo kila safari iondoke saa mbili asubuhi, na saa nane mchana gari liwe limeshageuka. Usiku usiendeshe barabara ile kabisa. Trela lililoharibika bila taa limeua watu wengi kuliko fisi.

Njia ya kwenda: ya juu kupitia Limuru na Kinungi, au ya chini kupitia Mai Mahiu. Malori mengi hushuka ya chini. Ya juu ina ukungu pale Kinale, hasa kabla ya saa tatu. Mimi ningekwambia nenda na ya chini siku ya kazi, asubuhi, kwa sababu moja tu: Mwalimu aone bonde likifunguka. Kuna pale wanapouza kofia za ngozi ya kondoo, simama umuache aangalie. Mkifika chini kuna kanisa dogo la mawe kando ya barabara, lilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, wakati wanachonga barabara hiyo. Linatosha watu wachache sana. Kushuka tumia gia ndogo, usikalie breki mpaka zinuke. Kurudi pitia juu, Soko Mjinga, ununue viazi.

KaroWaRoysambu
Na karoti.

Kifaru254
Sawa, nimenyamaza kuhusu Turkana. Lakini mafuta? Kila siku kutoka na kurudi palepale ni kupoteza mafuta.

MwanaWaMwalimu
Nimepiga hesabu. Kasarani hadi Gilgil kwenda na kurudi tuseme 240. Nakuru 80. Nyahururu kwenye maporomoko 140. Mbuga ya Hell's Gate, kule Naivasha, kama 100. Hiyo ni 560. Ongeza 80 za kuzunguka ndani ya mbuga na kwenda dukani, 640. Gari langu linakula lita moja kwa kilomita 14 nikiendesha kistaarabu, kwa hiyo ni lita 46 hivi. Hoteli tatu za Pwani zilinikula zaidi ya hapo kwa soda peke yake.

Mpango wa kwanza basi:
Jumatatu kufika. Jumanne Elementaita. Jumatano mbuga ya Nakuru. Alhamisi kukaa. Ijumaa Nyahururu. Jumamosi Hell's Gate. Jumapili kurudi.

Mama ameomba jambo moja tu: heroe, wale flamingo. Alikuwa akiwapaka chaki nyekundu.

MamaPendo_Juja
Umesema leo mnatoka kesho mnakaa, halafu umepanga siku moja tu ya kukaa. Hiyo ni Pwani tena, ila kitanda ni kimoja.

Mwari_Mweupe
Nimeingia kwa sababu ya heroe. Mimi ni mtu wa ndege, darubini shingoni kila Jumamosi.

Msimpeleke Mwalimu Nakuru mkimwahidi ziwa la rangi ya waridi kama kwenye kalenda za zamani. Heroe wadogo wanakula mwani wa buluu-kijani unaostawi kwenye maji yenye magadi makali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa ya bonde yamejaa, Nakuru likapanda mpaka likameza lango kuu la zamani na barabara za kando yake. Maji mengi ya mvua yakipunguza ukali wa magadi, mwani unapungua, na heroe hawana mkataba na mtu. Wanahamia Bogoria, Elementaita, au wanavuka hadi Natron kule Tanzania, ambako ndiko wanakozalia. Wiki hii wako hapa, wiki ijayo hawapo.

Bogoria ndiko wamekuwa wengi zaidi, na kuna chemchemi zinazorusha maji ya moto. Ila kutoka Gilgil ni kama kilomita 120 kwenda tu, na kule chini kuna joto. Kwa magoti yale, siku nzima ni kiti cha gari.

Anzeni Elementaita. Ni ziwa dogo, la kina kifupi sana, na mtu akikaa ukingoni ndege wako karibu. Hapo ndipo mwari weupe, wale pelican, wanazalia, kwenye visiwa vya mawe, halafu wanaruka kwenda maziwa mengine kutafuta samaki na kurudi kulisha vifaranga. Yaani hata mwari ana kituo kimoja, anatoka asubuhi na kurudi jioni! Mwalimu atapenda hilo. Elementaita, Nakuru na Bogoria ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.

MwanaWaMwalimu
Nimemsomea Mama hilo la mwari. Amecheka, akauliza jina lako ni nani na ulisomea wapi.

Mwari_Mweupe
Mwambie nilisoma kwa walimu kama yeye.

Dereva_Mstaafu
Nakuru usiifute kabisa, watoto watalia. Kuna vifaru weusi na weupe, twiga, nyati, na mbuga imezungushiwa ua, si kubwa ya kupotea. Ukitoka Gilgil ingia lango la Lanet, usipite katikati ya mji. Kama kumenyesha usiku, usishike vijia vya kando ya ziwa na Fielder. Njia kuu zinatosha. Bebeni vitambulisho mlipe bei ya raia, na lipeni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, mkiwa bado nyumbani penye mtandao. Taslimu hawachukui. Nimeona familia imekwama langoni, baba anaikimbiza simu juu kutafuta mtandao kama mtu anayefukuza nyuki.

Shangazi_Embakasi
Hell's Gate na magoti mabaya? Mwanangu anasema pale watu wanaendesha baiskeli.

MamaPendo_Juja
Inawezekana, Shangazi. Ni mbuga ndogo, inaruhusu kutembea na baiskeli kwa sababu simba si wa kawaida pale. Watoto na mama yao wanakodi baiskeli, baba anaendesha gari polepole nyuma akiwa na Mwalimu. Pundamilia na swala wako kando ya njia, na ile nguzo ya mwamba ya Fischer unaiona hata bila kushuka. Korongo la Ol Njorowa ndilo la kuacha. Kuna kupanda na kuteleza, na mvua ikinyesha mbali juu, maji yanashuka kwa ghafla hata kama ulipo kuna jua. Watu wamekufa humo, 2012 na tena 2019. Mimi na wanangu wakati wa mvua hatuingii, hata mwelekezi aape.

Kwa magoti kuna bwawa la maji moto pale Olkaria, la KenGen, wale wa umeme, maji ya mvuke wa ardhini. Mwalimu aloweke miguu, ninyi mvute pumzi.

Kifaru254
Nimekubali, na naongeza kitu cha maana. Kikopey. Mbuzi choma. Iko karibu na Elementaita, haihitaji siku yake. Chagueni kipande wenyewe, kipimwe mbele yenu, mkubaliane bei kabla hakijagusa moto.

Shangazi_Embakasi
Hatimaye Kifaru ameleta hoja.

Dereva_Mstaafu
Kabla hujaondoka: upepo wa spea. Watu wanapima tairi nne, ile ya tano inakaa miaka mitatu kwenye buti ikiwa laini kama chapati. Jeki, spana ya nati, pembetatu mbili. Maji ya rejeta. Na vituo vidogo vya njiani ni kilomita 50 kwa saa, karao wanakaa baada ya tuta la mwisho, pale unapoanza kukanyaga mafuta kwa furaha.

MwanaWaMwalimu
Mpango mpya: Jumatatu kufika. Jumanne Elementaita, karibu tu. Jumatano kukaa. Alhamisi Nakuru. Ijumaa kukaa. Jumamosi ama Nyahururu ama Hell's Gate, tutapiga kura. Jumapili nyumbani. Ahsanteni sana. Nitaleta habari.

---

MwanaWaMwalimu
Wadau, tumerudi. Samahani kwa ukimya, mtandao kule ulikuwa wa kupanda juu ya jiwe.

Nianze na mabaya. Mwenye nyumba alinitumia video ya barabara kweli, ila aliikata kabla ya kilomita mbili za mwisho. Fielder ilikuna tumbo mara nne, mke wangu na watoto wakashuka kutembea ili gari linyanyuke. Mama alikataa kushuka, akasema amelipiwa. Usiku wa kwanza hita ya maji haikuwaka. Nilipopiga simu nikaambiwa "fundi yuko njiani," na nadhani fundi huyo bado yuko njiani. Tuliwasha jiko la makaa nje, tukachemsha maji kwa sufuria, kila mtu ndoo yake.

Lakini asubuhi nilifungua mlango nikamkuta Mama tayari ameketi barazani na leso mabegani. Ziwa liko kule chini, ukungu unanyanyuka, na kile kilima cha ng'ambo kinachofanana na mtu aliyelala chali: paji la uso, pua, kifua. Alikuwa anamwonyesha mjukuu wake bonde lilivyoshuka: ardhi ilipasuka huku na huku, katikati ikazama. Ameweka mikate miwili mezani anaisukuma mbalimbali. Mtoto wa miaka 7 amekula mkate uliokuwa ukingo wa Mau wote kabla somo halijaisha.

Jumanne tulikwenda kando ya ziwa. @Mwari_Mweupe, heroe walikuwepo. Si maelfu ya kalenda, labda mia tatu au nne, ila karibu kiasi cha kusikia wanavyoguna. Tulinunua chai kwenye hoteli ya ufuoni ili tupate kiti. Nilikuwa nimepanga saa moja, halafu makumbusho ya Kariandusi. Saa moja ikaisha, nikamwuliza Mama kama twende. Akasema, "Nenda wewe." Tukakaa saa tatu na nusu. Watoto walichoka, wakaacha kuchoka, wakaanza kuhesabu mwari wanaorudi. Hapo ndipo nilielewa maana ya kutokuwa na mabegi garini. Hakuna chumba kilichokuwa kinatungoja mahali pengine kabla ya saa fulani.

Kariandusi tulikwenda Jumatano, siku ya "kukaa," maana ni karibu. Shoka za mawe alizozigundua Louis Leakey na wenzake mwaka 1928, nyingine za kioo cheusi cha volkano, ziko chini palepale zilipopatikana. Kijana wangu mkubwa ambaye hapendi chochote aliuliza maswali saba. Kikopey tulipita, na @Kifaru254, bei tulikubaliana kabla ya moto. Ubarikiwe.

Nakuru tuliona vifaru wanne na mvua saa nane kamili, Mzee, kana kwamba ulikuwa umeiagiza wewe. Tulikuwa tumeshageuza gari.

Jumamosi kura ilikuwa tatu kwa mbili. Hell's Gate ilishinda.

Shangazi_Embakasi
Nyahururu haukwenda? Maporomoko ya mita 74!

MwanaWaMwalimu
Hatukwenda, Shangazi. Hata Hell's Gate hatukufika. Ile asubuhi ya Jumamosi watoto walikuwa wamejenga zizi la mawe na mtoto wa jirani, Mama anafundishwa na mamake huyo mtoto jinsi ya kukausha majani ya mnavu. Nilitikisa funguo za gari mara mbili, hakuna aliyeinua kichwa. Nikazirudisha mfukoni, nikaenda kununua maziwa.

Kifaru254
Kwa hiyo ulisafiri kilomita 120 ukanunue maziwa.

MwanaWaMwalimu
Lita mbili. Yalikuwa na malai.

Dereva_Mstaafu
Spea je?

MwanaWaMwalimu
Mzee, pancha tulipata Jumapili tukirudi, karibu na Kinungi. Spea ilikuwa na upepo. Nilikusalimia kwa sauti pale barabarani. Mama alisimama kando akitusimamia kama mtihani wa darasa la nane, akasema nati hukazwa kwa msalaba, si kwa mduara. Sijui alijifunza wapi.

Ameshasema mwaka ujao ni Baringo na Bogoria. Nimemwambia nyumba ya kukaa iwe Marigat. Amesema nisubiri, kwanza atazame ramani.

MamaPendo_Juja
Nipe jina la nyumba faraghani, ili nijue pa kutokwenda.

MwanaWaMwalimu
Nitakupa, lakini baraza yake sijaona mfano. Nenda na gari la juu na sufuria kubwa.

KaroWaRoysambu
Wote mmesahau jambo.

MwanaWaMwalimu
Sijasahau. Kilo tano, ziko kwa buti, na udongo wake wote. Kesho saa kumi na mbili jioni niko stejini Roysambu, upande wa kwenda Kahawa. Njoo na mfuko wako.